Katalogi au faili za XMP: uhariri wa picha ulale wapi?

Adobe Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, haigusi picha unayoihariri. Ukiongeza mwanga, ukipunguza kingo au ukifuta doa usoni, yanayohifadhiwa ni maelekezo tu, nayo huingia kwenye katalogi, yaani faili moja ya .lrcat, ambayo ni hifadhidata ya aina ya SQLite. Picha elfu arobaini, kazi ya miaka, faili moja.

Wako wanaosema ilinde katalogi hiyo, yatosha. Wengine wanataka uhariri uandikwe pia kwenye faili ndogo ya XMP inayokaa kando ya kila picha. Hawa wa pili hulaumiwa kwamba wanajaza folda takataka na kuichosha kompyuta bure, na kwa maoni yangu wanaonewa.

Watetezi wa katalogi wana hoja nzito. XMP haibebi mikusanyo (makundi ya picha uliyoyapanga), nakala pepe (toleo la pili la uhariri wa picha ileile) wala historia ya hatua ulizopitia. Isitoshe, kumbukumbu mbili za jambo moja hupishana: ukiamuru programu isome metadata (maelezo ya picha na uhariri wake) kutoka kwenye faili wakati XMP ni ya mwezi uliopita, uhariri wa leo unafunikwa na wa zamani. Kwa picha za DNG (muundo wa picha ghafi wa Adobe) na JPEG hakuna faili ya kando, metadata huandikwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo programu ya kuhifadhi nakala mtandaoni inaweza kuipandisha upya DNG ya megabaiti 30 kwa sababu ya neno msingi (lebo ya kutafutia picha) moja tu.

Lakini tazama katalogi yenyewe inavyolindwa. Ukiiacha Lightroom ilivyokuja, hukukumbusha kuweka nakala mara moja kwa wiki unapoifunga, na folda ya nakala hukaa jirani na katalogi, kwenye diski ileile. Diski ikifa, asili na nakala vimekwenda pamoja. Na wiki ni ndefu. Chukua harusi moja: picha 600 zilizokwisha kuchujwa, kila moja dakika moja na nusu. Hizo ni saa 15. Nakala ilifanyika Jumatatu, kazi ikaanza Jumanne, na Jumamosi umeme ukakatika programu ikiwa katikati ya kuandika. Katalogi ikiharibika na ikakataa kutengenezwa, unarudi kwenye ya Jumatatu, ambayo haina hata picha moja ya harusi hiyo. Saa 15 zote zimepotea ilhali picha zenyewe ziko salama kwenye diski, hazina mkwaruzo. Kunakili .lrcat kwa mkono huku programu iko wazi si kinga: mabadiliko ya karibuni yanaweza kuwa bado yamo kwenye faili jirani ya -wal, inayoyashika kwa muda, na nakala ikatoka pungufu au mbovu. Funga programu kwanza, kisha chukua na .lrcat-data, maana ndimo zilimo data za maski, yaani maeneo ya picha yaliyochaguliwa kuhaririwa peke yake.

XMP haipotezi kwa mkupuo namna hiyo. Umeme ukikatika, iliyo hatarini ni ile inayoandikwa wakati huo. Ni maandishi matupu, na kwa uhariri wa kawaida huwa na uzito wa kilobaiti chache tu. Maski nyingi ndizo huinenepesha. Tuseme kila moja ina kilobaiti 20: harusi nzima ni megabaiti 12. Anayetegemea bando la simu, Kisumu au Mbeya, anaweza kuzipandisha mtandaoni kila jioni, jambo ambalo hawezi kulifanya kwa katalogi ya gigabaiti kadhaa. Kurejesha nako ni kwepesi: fungua katalogi mpya, ingiza picha zikiwa palepale zilipo, na Lightroom itazisoma XMP yenyewe. Programu huria ya darktable huziandika bila kuombwa, tena pamoja na hatua za uhariri.

Suala la kasi lina dawa. Usiwashe uandishi wa papo kwa papo kama diski ni ya polepole. Mwisho wa kazi, ukiwa kwenye mwonekano wa gridi, bonyeza Ctrl+A kuzichagua picha zote, halafu Ctrl+S kuandika metadata kwenye faili. Mapengo nayo yanazibika kwa kiasi: mkusanyo muhimu upe neno msingi lake, na kabla ya kuunda nakala pepe hifadhi toleo hilo kama snapshoti (hali ya uhariri iliyopewa jina), kwa sababu maneno msingi na snapshoti huandikwa kwenye XMP. Picha zihamishie ndani ya Lightroom. Ukizivuta kwa kidhibiti cha faili cha kompyuta, XMP hubaki nyuma kwa urahisi.

Katalogi bado inahitaji nakala yake. Kwenye dirisha linalotokea unapofunga programu, chagua kila ufungapo, kisha elekeza folda kwenye diski nyingine. Mwenye kutumia DNG peke yake ndiye ninayemwambia aegemee hapo zaidi, na Ctrl+S aibonyeze mara moja tu, kazi ya mteja inapokwisha.