Mashine Haisomi, Lawama kwa Kidole

Dole gumba la baharia wa mtumbwi wa dagaa halifanani na dole gumba la karani. Usiku kucha kamba iliyolowa hupita palepale, kwenye nyama ya kidole, na vile vistari vidogo ambavyo mashine ya alama za vidole inavitafuta huliwa polepole mpaka ngozi inang'aa. Kwa mama anayepaa sangara pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ni magamba na miiba ya mapezi. Kwa anayeanika dagaa ni mchanga na jua. Watu hawa ndio tunaoambiwa kila siku kwamba uchumi wa kidijitali unawafuata walipo, na ndio hao hao wakala wa laini za simu anaowaambia, "Mama, haisomi. Weka kingine."

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019. Tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Leo namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20, inaulizwa unapofungua akaunti ya benki, unapoomba TIN, namba ya mlipakodi, unapotaka pasipoti. Vikaoni linapokuja suala la wanaokwama, jibu ni lile lile: wananchi wapewe elimu. Elimu ni jambo jema, ila haioteshi vistari vilivyosagika.

Tuwape watetezi wa mfumo haki yao, maana wanayo. Kabla ya 2019 laini iliuzwa kama njugu, kwa jina lolote lililokuja kichwani. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haujaisha hadi leo, lakini sasa nyuma ya namba kuna jina na sura ya kuanzia kuuliza. Mtu anaweza kubonyeza *106# na kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwenye mikopo faida ni kubwa zaidi. Mkopaji aliyeweza kukopa sehemu tatu kwa majina matatu, akaacha kikundi cha akina mama kikimlipia, sasa ana jina moja tu la kukopea. Mchuuzi mwaminifu wa dagaa naye, asiye na hati ya kiwanja, anaweza kujenga historia ya malipo itakayomtoa kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Hizo si faida za kubeza, na anayedai turudi kwenye barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake hajafikiri sawasawa.

Tatizo lipo kwenye kuchanganya kazi mbili. Kazi ya kwanza hufanyika mara moja: vidole vyote kumi vinachukuliwa na kulinganishwa na vya watu wengine wote, ili mtu mmoja asiandikishwe mara mbili. Hapo alama za vidole ni zana nzuri sana. Kazi ya pili ni ya kila siku: mtu amefika kibandani, anataja namba yake, anaweka kidole kimoja, na mashine iseme ndiyo au hapana. Mara nyingi hiyo ya pili inafanyika juani, kwa kifaa kidogo, mtandao ukiwa wa kubahatisha, na ndiyo tuliyoigeuza kuwa mlango wa riziki.

Kifaa cha wakala mara nyingi ni kioo chenye taa chini yake. Kinachoonekana ni pale vistari vinapogusa kioo. Mabonde katikati yake yanabaki meupe. Kidole kikiwa na maji, maji yanajaza mabonde na picha inakuwa doa moja jeusi. Kikiwa kikavu mno, vistari havishiki kioo na picha inakatikakatika. Jua likipiga moja kwa moja, mwanga wa nje unazima ule wa kifaa. Kioo kisipofutwa, mafuta ya kidole cha mteja aliyetangulia yanaingia kwenye picha ya anayefuata. Juu ya hayo kuna kiwango cha ukali kinachowekwa na wenye mfumo. Wakikaza, wenye haki wengi wanakataliwa; wakilegeza, matapeli wanapenya. Hakuna mashine inayopeleka makosa yote mawili hadi sifuri, na wapi pa kukiweka kiwango hicho ni uamuzi wa watu, si wa kifaa.

Sasa angalia takwimu moja kutoka India, nchi iliyoandikisha watu zaidi ya bilioni moja kwenye Aadhaar, mfumo wake wa utambulisho kwa alama za mwili. Mwaka 2018 wasimamizi wa mfumo huo waliiambia Mahakama ya Juu ya nchi yao kwamba uhakiki ulifanikiwa kwa asilimia 97 kwenye kampuni za simu, asilimia 95 kwenye benki, na asilimia 88 kwenye huduma za serikali. Wengi husoma namba hizo na kusema, si haba. Zitazame tena. Mfumo ni mmoja, kanzidata ni moja, lakini anayeshindwa kwenye laini ya simu ni 3 kati ya 100, na kwenye huduma za serikali, ambako ndiko mnyonge anafuata mgao wa nafaka, ni 12. Mara nne. Mtandao wa vijijini una sehemu yake, vifaa vibovu vina sehemu yake, na mikono ya jembe ina sehemu yake. Kosa halikunyesha kama mvua, kila paa likapata. Lilifuata watu.

Watetezi walijibu, na jibu lao lina ukweli, kwamba kushindwa kwa jaribio si sawa na kunyimwa huduma: mtu anaweza kurudia, au akatumia njia nyingine. Sawa. Lakini hesabu kurudia kwa bei za hapa. Mama wa Ukerewe anayevuka kwa kivuko kwenda mjini, akaambiwa arudi kesho, amelipa nauli mara mbili na ameacha dagaa bila mtu wa kuwageuza. Mvua ikinyesha mchana huo, mzigo umeharibika. Hata pale taratibu zinaporuhusu njia mbadala ya kumtambua mtu, wakala anayelipwa kwa kila laini hana hamu ya mteja wa nusu saa. Anamwita anayefuata kwenye foleni.

Ndipo linapokuja jambo ambalo wenye takwimu hawalioni kabisa: kidole cha kuazima. Mtu ambaye vidole vyake vimegoma haachi kutumia simu. Anasajiliwa laini kwa jina la mke, la shemeji, au la tajiri mwenye mtumbwi. Kwenye kumbukumbu za mfumo kila kitu ni safi, uhakiki umepita. Kwa kweli fedha ni za mmoja na jina ni la mwingine. Simu ikitumbukia ziwani, jambo la kawaida kwa mabaharia, laini hairudishwi bila kidole cha mwenye jina, na kama ni tajiri mliyegombana naye kwenye mgawo, hela yako imelala kwake. Historia ya mikopo inayojengeka ni yake. Laini ikitumika kwenye utapeli, anayeanza kutafutwa ni yeye. Akifa, wanaoidai ile salio ni warithi wake. Mfumo uliojengwa ili kila jina liwe la mwenyewe unazaa majina ya uongo yenye muhuri wa ukweli, na huo ni uongo mgumu kuugundua kuliko ule wa zamani, kwa sababu sasa hakuna anayeutilia shaka.

Wakala naye ana ujanja wake. "Haijasoma, weka tena," mara ya pili, mara ya tatu, kumbe ya kwanza ilisoma na ya pili imesajili laini nyingine atakayoiuza. Mteja aliyezoea kukataliwa na mashine hana namna ya kujua. Atajua siku atakapobonyeza *106#.

Suala la faragha nalipita haraka, si kwa kulidharau. Nywila ikivuja unaibadilisha; kidole hukibadilishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Kenya, Oktoba 2021, mahakama iliukwamisha mpango wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya taifa, kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanywa kwanza. Mabishano hayo yana mawakili wa kutosha. Mama wa magamba hana.

Mengi yanayoweza kufanyika ni ya bei ndogo. Kibanda kiwe na kivuli na kitambaa laini cha kufuta kioo. Kidole kilicholowa kikaushwe. Kilichokauka kipakwe mafuta kidogo kisha kifutwe. Kiwekwe katikati ya kioo, si ncha, na kisikandamizwe, maana ukikandamiza vistari vinabanana. Programu imruhusu wakala kujaribu kidole chochote kati ya kumi vilivyochukuliwa: kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wa kushoto huwa havijachoka kama dole gumba la kulia, ambalo ndilo kila wakala hulikimbilia. Njia ya pili, iwe sura au maswali, ihesabiwe kwenye malipo ya wakala kama kidole kinavyohesabiwa. Na kila taasisi itangaze imekataa wangapi, wilaya kwa wilaya. Ilemela isichanganywe na Ukerewe kwenye wastani mmoja mzuri.

Uandikishaji wenyewe nao una msimu wake. Picha mbaya ikichukuliwa siku ya kwanza, kila ulinganisho wa baadaye unaanza na hasara. Vistari vikisuguliwa tu, bila kovu la ndani, huota upya ngozi ikipumzika, na dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Mwisho wa mbalamwezi ndipo vidole vya mwaloni vinapokuwa na afya kuliko wakati wowote wa mwezi. Wapangaji hufuata kalenda ya ofisi, na kampeni ikiangukia katikati ya giza, foleni ya saa mbili asubuhi itakuwa ya vidole vilivyoachia kamba alfajiri ile ile.