Mnaenda kwa nani?

Nilimpigia mama simu usiku wa Jumatano, huko kwake Chang'ombe ya Dodoma wakiwa wameshaondoa vyombo. Nikamwambia wikendi asipotupata hewani asiwe na wasiwasi, mimi na mkwewe tunakwenda kupanda mashua na marafiki, halafu tutamalizia kwenye tamasha la mavazi. Akanyamaza kidogo.

"Mnaenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, mama. Tunaenda tu."

"Kwani nani kafariki?"

Nimeishi Leiden, Uholanzi, miaka tisa sasa. Zamani swali kama hilo lilinichekesha. Namsimulia mume wangu, Mrangi wa Kondoa, ambaye kwao nako hakuna aliyewahi kufunga safari kwenda kuangalia maji, tunacheka wote. Naandika haya nikiwa likizo Dodoma, kwenye baraza ya mama huyo huyo, na kicheko kimenipungua.

Hapa nyumbani safari ina mwenyewe. Unakwenda kwa shangazi, kwa wakwe, harusini, msibani. Mahali tu, pasipo na mtu anayekusubiri, hapatoshi kuwa sababu ya kupanda basi. Baba alikuwa mtumishi wa umma na alikuwa akilipwa nauli ya likizo, lakini nauli ile ilikuwa ya kwenda kwao, Mpwapwa. Likizo yenyewe aliichukua Desemba mvua zinapoanza. Tukifika tunashika jembe. Januari tunarudi shuleni na sugu viganjani, mwalimu anatuambia tuandike insha kuhusu mapumziko yetu.

Kule Uholanzi sheria inampa mfanyakazi likizo isiyopungua wiki nne, na juu yake posho ya likizo ya asilimia 8 ya mshahara wa mwaka, ambayo wengi wanaipata Mei. Mwajiri anakulipa ukatembee. Usiseme sisi hatuna siku, maana sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 28. Siku tunazo. Ila zichukue ukae na mumeo mkitazamana, uone kama jirani hajauliza umeachishwa kazi lini.

Basi tukaenda. Tulikuwa jozi tatu: sisi, Mholanzi mmoja anayefanya kazi na mume wangu pamoja na mkewe, na kaka mmoja wa Pangani na mke wake. Tulikodi mashua ya matanga yenye vitanda sita vya kubanana, kwenye maziwa ya Kagerplassen, kaskazini ya Leiden. Leseni haikuhitajika. Kule chombo kikiwa chini ya mita 15 na hakizidi kilomita 20 kwa saa, unapewa tu kamba na ramani, unaambiwa safari njema. Mtoto wa kule anafundishwa kuogelea akiwa na nguo mwilini kabla hajapewa cheti, kwa sababu wanajua ipo siku atatumbukia mferejini. Mimi kuogelea sijui. Nitajifunzia wapi? Mvua ya Dodoma ya mwaka mzima, kwa wastani, haifiki milimita 600.

Pembeni ya maziwa hayo kuna nchi tambarare ya Haarlemmermeer, ambayo nayo ilikuwa ziwa mpaka walipomaliza kulikausha kwa pampu za mvuke mwaka 1852. Nilikaa sana na jambo hilo kichwani. Watu walikuwa na ziwa zima wakalitoa! Sisi tuna bwawa la Hombolo, lilijengwa miaka ya 1950, na mpaka leo mgeni akija tunampeleka akalione. Tena jina la mji wetu, wazee wanasimulia, limetokana na tembo aliyekuja kunywa maji akadidimia kwenye tope: idodomya, amezama. Nilimhadithia yule Mholanzi tukiwa tunapakia mizigo. Akacheka, akanipa jaketi okozi. Halafu akafikiri kidogo, akanipa na la pili.

Siku ya kwanza upepo ulitoka mbele moja kwa moja, nikadhani tutageuza. Kaka wa Pangani, ambaye babu yake alikuwa nahodha wa jahazi, akasema kugeuza kwa nini, sasa tunabisha. Mashua inakata upande mmoja, halafu tanga linavuka juu ya vichwa vyenu kwa kishindo cha shuka inayokung'utwa, mnainama, inakata upande wa pili, na hivyo hivyo kama mlevi anayerudi nyumbani mpaka mnafika kule kule upepo unakotoka. Kubisha! Neno nililodhani ni la barazani na la ndani ya ndoa. Mume wangu akasema basi mke wake ni nahodha wa siku nyingi. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya tanga. Ilinichubua kiganja pale pale palipokuwa na sugu za jembe la Mpwapwa, na sikuiachia.

Sasa nitaje lililonikaa rohoni. Asubuhi ya pili tumetia nanga karibu na matete, tunakunywa kahawa, maji yametulia kama mafuta sufuriani. Yule Mholanzi akatazama saa yake akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Saa hizi wanamzika shangazi yangu." Tukamgeukia sote watatu, mimi, mume wangu na yule wa Pangani. Mkewe aliendelea kupaka siagi kwenye mkate. Akatufafanulia kwamba hawakuwa karibu sana, na kwamba safari hii ilipangwa tangu Februari. Februari! Shangazi angejuaje?

Simsemi vibaya, ni mtu mwema, ndiye aliyetusaidia kuhama nyumba siku nzima bila kula. Lakini pale ndipo niliposikia sauti ya mama: nani kafariki? Kumbe lilikuwa swali la akili. Mama alikuwa anauliza ni kitu gani chenye uzito wa kutosha kuwatoa watu nyumbani. Kule shajara ina uzito kuliko msiba. Hapa msiba una uzito kuliko kila kitu, hadi kuliko ndoa yenyewe. Rafiki yangu wa tangu sekondari, yupo Nzuguni, ameolewa miaka 14. Nilimuuliza wiki iliyopita ni mara ngapi wamewahi kusafiri wawili tu, yeye na mumewe, wakalala nje ya nyumba. Akahesabu kwa vidole. Mara mbili, zote misiba, na zote mbili yeye alilala ndani na wanawake, mumewe akalala turubaini na wanaume.

Hilo ndilo ninalolipigia kelele. Ndoa tunaijenga kwa kamati, vikao tisa na daftari la ahadi, halafu wenyewe wawili tukishawafikisha mlangoni hatuwaachii hata usiku mmoja wao peke yao. Mwanamume akimtoa mkewe kwenda kukaa mahali siku mbili, anaambiwa amelishwa kitu. Mke akipendekeza, anajidai mzungu.

Kuhusu pesa, kwa haki nisimulie na hili. Jumatatu jioni, nguo bado zimelowa kwenye mfuko, simu ikalia. Tikkie. Wanaoishi Uholanzi wanaijua, ni programu ya kudaiana: unatumiwa kiungo, unabonyeza, umelipa. Nilikuwa nadaiwa euro 3.40, fungu langu la kahawa na mkate. Ule mkate wa msiba! Nililipa nikiwa nimenuna. Baadaye nikakumbuka kundi la WhatsApp la harusi ya binamu yangu, ambamo mwekahazina hutuma kila asubuhi orodha ya majina yenye alama nyekundu, na jina langu lilikuwa la nne. Kule wanakudai baada ya kula. Hapa wanakudai kabla hujajua kama kadi yako itakuwa ya mtu mmoja au wawili. Sijaona nani wa kumcheka mwenzake.

Tamasha lenyewe linaitwa Castlefest, linafanyika Agosti kwenye viwanja vya kasri la Keukenhof pale Lisse. Watu wazima, wahasibu na madaktari, wamevaa mbawa, mapembe, deraya za chuma, masikio yaliyochongoka. Jumamosi usiku wanachoma jisanamu kubwa la fito, watu wamesimama kuzunguka moto kwa utulivu ambao sikuutegemea. Nimekiri kwa mume wangu, na sasa nakiri hapa: nilipenda. Nilipenda kuona kizee mwenye fimbo ya kutembelea aliyevaa kama zimwi la msituni na hakuna aliyemwambia akumbuke umri wake.

Mizozo ilikuwa kabla, kwenye kuchagua tuvae nini. Mke wa Mholanzi, kwa nia njema, alisema sisi tuna bahati, mavazi tunayo tayari, si tuvae ya kabila? Bibi yangu alipiga muheme, ngoma kaibana mapajani, shanga shingoni, na aliyekuwa haelewi ile ngoma inapigiwa nini alikuwa hakaribishwi kuitazama. Leo nivae shanga zile nisimame foleni ya chipsi kati ya zimwi na haramia? Nikamwambia hapana, lile si vazi la kuigiza, lile ni vazi. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Mume wangu akawa haramia. Mimi nilipewa wazo la mchawi, nikalikataa pia. Kule ukivaa uchawi unapigwa picha. Picha hiyo ikifika Chang'ombe, ukoo unaitisha kikao. Nikawa malkia, gauni la mtumba la zambarau na taji la boksi.

Saa tisa mvua ikanyesha, taji likawa uji. Nikavua gauni kwenye hema, nikabaki na suruali na fulana, nikajifunga kanga mabegani kwa ajili ya baridi. Kanga ya mama, imeandikwa Usisafirie nyota ya mwenzio, niliibeba tu kwa sababu naibeba kila safari. Hazikupita dakika kumi, msichana mwenye mbawa za kijani akanisimamisha akaomba picha. Akasema amezunguka siku nzima hajaona vazi zuri kama lile, na mimi ni nani, natoka ufalme gani? Nikamwambia ufalme wa Majengo sokoni. Akaandika kwenye simu yake.

Tangu hapo nikiwa ukumbini hapa Dodoma naona vingine. Sisi tamasha la mavazi tunalo kila Jumamosi, linaitwa harusi. Kuna sare ya upande wa bwana harusi, sare ya upande wa bibi harusi, sare ya akina mama wa kikoba, na ole wake aliyechelewa kununua kitambaa akaja na kinachofanana. Kule kila mtu anahangaika asifanane na mwingine. Hapa ukitofautiana unaulizwa una kinyongo gani.

Basi likizo hii nikasema ngoja tujaribu na nyumbani. Mpango: mimi, mume wangu, yule rafiki wa Nzuguni na mumewe, siku mbili Mtera, pale bwawani nusu ya njia ya kwenda Iringa. Watu wanne. Nilipomwambia mama, akauliza lile swali lake. Nikashikilia: hatuendi kwa mtu. Asubuhi ya safari Noah ilipofika tulikuwa kumi na mmoja. Mama mdogo, watoto wa rafiki, binamu aliyesikia kuna gari linaelekea huko, na jogoo aliyefungwa miguu chini ya kiti. "Mtafikaje mahali mikono mitupu," akasema mama mdogo. Nikamuuliza jogoo ni wa nani ilhali hatuna mwenyeji. Akanijibu mwenyeji hupatikana.

Na alipatikana. Kwenye vibanda vya samaki mama mdogo alinunua perege wa kukaanga, akamuuliza muuzaji kwao wapi, na wazazi wake kwao wapi, na bibi yake aliolewa na nani. Zile dakika sikuzihesabu, lakini mafuta kwenye karai yalikuwa hayajapoa tulipokuwa tumeshaitwa wajukuu. Saa nane tumekaa kwenye mikeka uani kwa yule mama, jogoo ameshabadilishwa jina, watoto wanapeta uwele. Simu ya mama yangu ikaita, mama mdogo akaninyang'anya. "Tupo kwa watu," akamwambia, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Jioni mimi na mume wangu tulipata mtumbwi wetu. Mvuvi alikuwa na pondo na kopo la dumu lililokatwa la kukombea maji, na maji yaliingia kweli. Alituonya tutakwenda kando kando tu, huko katikati kuna viboko na mamba, na jaketi hana hata moja. Upepo ulitulia. Hatukuongea. Mume wangu alishika kopo, mimi nikashika mkono wake ulio huru, jambo ambalo Dodoma mjini sijawahi kulifanya hadharani. Tulikwenda labda dakika ishirini. Tulipogeuza, wote tisa walikuwa wamejipanga ukingoni pamoja na mwenyeji wao mpya, wanatupungia kama watu wanaopokea meli, na mama mdogo ameweka mikono mdomoni anapiga kelele tuharakishe, mlenda unapoa.