Karatasi Mlangoni Köln, Kimya Dunga

Landilodi wetu hapa Köln alibandika karatasi mlangoni: bomba la mwisho la maji la risasi, ile metali yenye sumu, limeng'olewa kwenye jengo. Hakufanya hivyo kwa hisani. Sheria iliwapa wenye nyumba Ujerumani hadi tarehe 12 Januari 2026 kung'oa mabomba hayo au kuyafunga, na mwenye nayo alilazimika kuwaarifu wapangaji.

Nilicheka peke yangu kwenye ngazi. Nimekulia Nyalenda, Kisumu, na sijawahi kuona karatasi ya kuniambia maji ya mfereji yana nini, seuze ya ziwa.

Wala Wajerumani hawakuzaliwa na adabu hii. Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yakabeba sumu, zebaki ikiwemo, hadi mto Rhine. Mto ukawa mwekundu, samaki aina ya mikunga wakafa kwa maelfu. Mwaka uliofuata nchi za bonde hilo zikakubaliana mpango mmoja wa kuusafisha. Aibu iliwafundisha.

Sisi tumekosa nini? Sheria ya mazingira tunayo tangu 1999, kanuni za ubora wa maji tangu 2006. Ziwa ni la nchi tatu, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao hapo hapo Kisumu! Lakini kule Migori mchimba dhahabu ananasa vumbi la dhahabu kwa zebaki, tope linaoshwa, na mto unateremka ziwani. Humo zebaki hupanda kutoka kwa samaki wadogo hadi mbuta anayewala. Kumfukuza mchimbaji ni rahisi, na ni upuuzi pia: atahamia shimo la jirani usiku.

Nilipomweleza Mama kwa simu, alinikata: "Mimi nauza omena. Unataka wateja wanikimbie?" Ana haki. Ila anayefichwa kipimo ndiye anayekula sumu na kukosa ushahidi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na risasi ya kiwanda, mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kisha wakabaki mahakamani miaka mingine.

Ninachotaka ni kidogo. Kwenye ubao wa ufuo wa Dunga, kule Kisumu, kando ya bei ya samaki, ziandikwe namba tatu kila mwezi: risasi, kadimiamu (metali nyingine yenye sumu), zebaki. Gharama wabebe wanaomwaga. Na ziandikwe kwa Dholuo kwanza, Mama asome bila kuniuliza.