Usingoje Azidiwe: Beba Pakiti Mwende Hospitali

Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na dawa nyingine za kundi hilo la kutuliza maumivu na uvimbe tumezizoea mno. Mgongo ukiuma, kidonge. Jino likiuma, kidonge. Kwa mazoea hayo, mtu anaweza kuzidisha dozi bila kukusudia hata kidogo, na wa karibu naye wasigundue.

Hebu weka pakiti tatu mezani. Majina makubwa ya mbele hayafanani. Soma sasa maandishi madogo: ya kwanza ni ibuprofeni miligramu 400, ya pili ni ibuprofeni tena iliyochanganywa na parasetamoli, ya tatu ni diklofenaki. Anayemeza zote anadhani ametibu maradhi matatu, kumbe amerundika dawa za kundi moja. Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti cha daktari, mtu mzima hatakiwi kuzidisha miligramu 1,200 kwa siku.

Dawa hizi hupunguza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo angalia kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kizunguzungu, masikio kuvuma na usingizi usio wa kawaida. Choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu ni dalili ya kuvuja damu tumboni. Mkojo ukipungua, hofia figo. Degedege, kupumua kwa shida au kupoteza fahamu ni dharura isiyongoja hata dakika moja.

Kinachoniumiza ni kauli ya "mwache alale, litapita." Kusinzia kwenyewe ni dalili! Isitoshe, aliyezidisha aspirini, nayo ya kundi hilo hilo, anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla hajaanza kuhema haraka na kuchanganyikiwa. Na ile parasetamoli iliyojificha kwenye kidonge cha mchanganyiko huharibu ini huku mgonjwa akijiona hana neno. Parasetamoli ina dawa ya kuizima sumu yake, asetilisisteini, inayofanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Ibuprofeni haina kizimasumu. Daktari akiwahiwa anaweza kutoa mkaa maalumu unaonasa dawa tumboni, kisha akalinda figo, upumuaji na shinikizo la damu.

Ndiyo maana nasisitiza pakiti. Zibebe zote, hata zilizo tupu, pamoja na saa aliyomeza, idadi ya vidonge na uzito wake kama ni mtoto. Piga simu ya dharura au kituo cha ushauri wa sumu, kama kipo, ufuate wanachokuambia. Usimtapishe, wala usimnyweshe kitu cha kuzimua dawa. Akipoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu.

Pengine amemeza kwa kukusudia, kwa sababu maisha yamemlemea. Hapo naomba sana: usimwache peke yake, ondoa dawa zilizobaki karibu naye, na usimgombeze. Zungumza naye kwa upole mkiwa njiani. Akiogopa lawama ataficha idadi ya vidonge alivyomeza, na idadi hiyo ndiyo daktari atakayoiuliza kwanza.