Ujiji: tuanze na mnara au na nyumba za watu?

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuihuisha Ujiji, mji wa kale wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kwa kutumia urithi wake, huanzia chini ya miembe ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, mahali mwandishi wa habari Stanley aliyetumwa kumtafuta alipomkuta mwaka 1871, penye mnara na makumbusho. Kwa maoni yangu jambo lenyewe liko mitaani, Kasingirima na Rusimbi, kwenye nyumba kongwe za udongo zenye vibaraza ambazo watu bado wanaishi ndani yake.

Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1858, Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha ziwani cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, soko la pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese na, kwa uchungu ambao haufai kufunikwa, binadamu. Baadaye ziwa lilirudi nyuma, na reli ilipofika mwaka 1914 ikaishia Kigoma, penye bandari yenye kina. Biashara ikaifuata reli, na nyumba zikabaki na wenyewe bila kipato cha kuzitunza.

Wanaotaka mji huu uhifadhiwe wana hoja nzito. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo ya watumwa na pembe, Ujiji ikiwemo, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Zaidi ya hapo, mitaa hii inaonyesha namna maisha ya Kiswahili yalivyosafiri kutoka pwani hadi ziwani yakachanganyika na ya Waha, Wamanyema na wengineo: kibaraza cha kupokelea wageni, ua wa nyuma, msikiti ulio hatua chache kutoka mlangoni. Nyumba moja ikibomolewa, ushahidi huo haurudi.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Nyumba nyingi za aina hii ni za mirathi isiyogawanywa. Warithi wametawanyika, na anayeishi humo hana mamlaka ya kuuza wala fedha za kukarabati. Kumwambia mtu huyo asibadilishe dirisha kwa sababu nyumba yake ni historia, bila kumpa hata bati moja, ni kumtwisha mzigo wa taifa zima peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo haimsaidii sana: ulinzi wake wa moja kwa moja unahusu majengo ya kabla ya mwaka 1863, na mengine hayalindwi hadi yatangazwe rasmi. Tena tangazo linazuia kubomoa, halitengenezi paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la zamani lililomo humo, iliporomoka Desemba 2020. Huko huko nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli, na hofu kwamba wenyeji wa Ujiji wanaweza kusukumwa pembeni vivyo hivyo ni ya haki.

Hata hivyo, wanaodhani kwamba saruji ndiyo maendeleo hukosea katika jambo moja la kifundi. Ukuta wa udongo hupumua: hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini hunaswa ndani. Kwa nje nyumba inang'aa, kumbe kwa ndani udongo unalegea, na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka kwa mabamba makubwa na vipande vya ukuta. Bibi anayekandika ukuta wake kila kiangazi kwa udongo uliokanyagwa vizuri na kuchanganywa na majani makavu anaitunza nyumba kuliko mjukuu aliyemletea mfuko wa saruji kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo mizani yangu inaelemea upande wa kuhifadhi, ila kwa sharti kwamba fedha zitangulie makatazo, na fedha za kwanza ziende kwenye mabati, misingi ya mawe na mifereji ya maji ya mvua, kwa sababu ukuta wa udongo wenye paa zima na miguu mikavu hudumu miaka mingi. Manispaa ichague mtaa mmoja, ikae na warithi mpaka wakubaliane kwa maandishi nani anasimamia nyumba, kisha iwaajiri mafundi wazee wa kukandika wakiwa na vijana pembeni yao. Na kibao kitakachowekwa kwenye mtaa huo kiwataje waliopitishwa hapa kwa minyororo kabla ya kumtaja mgeni yeyote aliyekuja kutafutwa.