Mafuta Yenye Miguu Sita

Ukitaka kujua binadamu hana shukrani, uza senene, wale wadudu wa kuliwa wa Bukoba kwa Wahaya, hapa Dar es Salaam. Mwezi wa saba, senene wakiwa hawapatikani hata kwa hirizi, kila Mhaya wa Tabata na Kimara anakutafuta: "Ndugu yangu, hata kikombe kimoja, waitu!" Novemba ikifika, mzigo ukashuka stendi ya Mbezi, yule yule anakunja uso: "Mbona ghali? Si wanadondoka tu kwenye taa?"

Wanadondoka tu. Haya. Na dagaa wanatembea wenyewe mpaka kwenye kikaango.

Ukiitazama kwa mbali, hii ni biashara ya kufanya umekaa sebuleni: unaagiza Bukoba, unapakia kwenye makopo, unaweka picha status, unahesabu hela. Kumbe umeajiriwa na mdudu, na mdudu mwenyewe hana kalenda. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, mdogo ni Aprili na Mei. Waganda wameamua yaishe, mwezi wa Novemba wenyewe wanauita Musenene. Lakini ndani ya miezi hiyo senene anakuja akijisikia. Anaweza kumwagika usiku tatu mfululizo mji mzima ukakesha, halafu akapotea siku kumi kama mtu anayedaiwa. Kwa hiyo mteja akikuuliza "lini?", usithubutu kutaja siku. Ukisema Jumamosi, Jumamosi saa moja asubuhi yuko mlangoni na bakuli. Sema "wakishuka". Akitaka kujua watashuka lini, aiulize mvua.

Na advansi uchukue, nusu ya bei, kabla hujatuma hata shilingi Bukoba. Asiyetoa advansi hajaagiza, ametamani. Wanaotamani ndio wengi, na ndio wanaopiga simu usiku kuulizia mzigo "wao".

Halafu kuna hao wasioelewa kabisa. "Hawa si panzi?" Sema hivyo mbele ya mtu wa Kagera, uone kikao kinavyovunjika. Wengine wanaulizia kama ni nzige, wamekumbuka nzige wa jangwani waliovamia Kenya mwaka 2020. Jibu kwa upole: wale walipuliziwa sumu, si wa kuliwa, na wala si hawa. Senene wanaruka usiku, wanafuata taa. Mtegaji anasimamisha mabati wima, anaweka mapipa chini yake, anawasha taa kali, na pembeni anachoma majani mabichi ili moshi uwalevye. Mdudu anajipiga kwenye bati, anateleza, anaingia pipani. Mpaka alfajiri mtegaji ana mali, ana macho mekundu kama pilipili, na ana wadudu wengine chungu nzima waliofuata taa ile ile, wakiwemo wale wembamba wenye rangi nyeusi na ya machungwa ambao ukiwaponda kwenye ngozi asubuhi umeota malengelenge. Ndiyo maana anayechambua mzigo huvaa mikono mirefu hata jua likiwaka, na hampigi mdudu kofi shingoni, anampuliza.

Sasa sikiliza kosa la kwanza la wauzaji wapya: kuagiza senene wazima kwenye gunia ili "wafike freshi". Freshi ya wapi? Senene walioshonwa kwenye gunia wanabanana, wanapata joto, wanakufa wa katikati kwanza, na mdudu aliyekufa huko katikati anaanza kuoza saa hiyo hiyo. Kutoka Bukoba mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Utapokea mbolea, na nauli ya kifurushi umelipa. Mzigo unyonyolewe na upikwe kule kule, asubuhi ile ile uliyonaswa. Ukimwona mtu wako wa kule anakwambia "nitawanyonyoa kesho", ujue kesho anatupa.

Kunyonyoa nako watu wanakudharau. Mabawa, miguu na vipapasio vyote vinatoka kwa mkono, mdudu mmoja mmoja, na ndoo moja ina wadudu wangapi, wewe hesabu kama huna kazi. Wajanja hupaka majivu vidoleni, maana senene anateleza kama sabuni. Tena anang'ata! Si sana, lakini ukishang'atwa mara arobaini kabla ya chai, heshima yako kwa akina mama wanaofanya kazi hii inapanda. Halafu anakuja mteja na kikombe anasema, "Niongezee kidogo, bibi." Kidogo hicho ni dakika tano za vidole vya mtu.

Baada ya hapo ni kuosha, maji mara mbili au tatu, mabawa yaliyobaki yanaelea juu, unayamwaga. Mzigo unaingia sufuriani bila mafuta. Narudia kwa faida ya wale wanaoshika chupa ya alizeti: bila mafuta. Kilo moja ya waliooshwa weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, funika, moto mdogo. Watatoa maji yao wenyewe na kuchemkia humo. Maji yakikauka, funua, sasa anza kugeuza bila kupumzika, maana hapa ndipo mafuta yao yanapotoka na hapa ndipo wanapoungua. Tumia masikio kuliko macho. Mwanzoni mwiko unapita kimya, kama unakoroga maharage. Baadaye unasikia vinakwaruza, kakara-kakara, kama mahindi makavu kwenye ungo. Rangi imekuwa kahawia ya dhahabu, ukimbonyeza mmoja anavunjika, hapindi. Akipinda bado ana maji, rudisha motoni.

Kitunguu? Kitunguu ni cha kula leo. Anayekwambia umkaangie na kitunguu, pilipili hoho na karoti halafu atunze mpaka Krismasi, anataka ukungu wa rangi tatu. Kitunguu kina maji, na maji ndiyo yanayolaza senene, wakawa laini badala ya kuvunjika. Wa kutunza hukaangwa na chumvi tu.

Tatizo lote la biashara hii liko hapa: senene ni mafuta yenye miguu. Akishakauka, kati ya theluthi na nusu ya uzito wake ni mafuta. Ndiyo utamu, ndiyo maana hahitaji chupa ya alizeti, na ndiyo ugomvi wako na wateja mwezi wa pili. Mafuta hayo hayagandi kama ya ng'ombe, ni ya majimaji, na yakikutana na hewa, mwanga na joto yanageuka. Dar inatoa vyote vitatu bure. Yakishageuka, senene ananuka kama rangi ya mlango uliopakwa jana, na ukimtafuna anaacha uchungu nyuma ya koo. Hapo usijidanganye kwamba ukimkaanga upya atapona. Umepasha moto ubovu.

Kwa hiyo usianike juani siku nne ili "wakauke vizuri". Jua lile lile linalokausha maji linaharibu mafuta, na nzi nao wamepata mwaliko. Ukitaka kuanika, weka kwenye wavu ulioinuliwa, funika kwa kipande cha chandarua, halafu malizia kwenye moto mdogo. Baada ya kukaanga, tandaza kwenye sinia juu ya karatasi safi ya jikoni inayonyonya mafuta, wapoe kabisa. Kabisa maana yake ukiweka kiganja husikii uvuguvugu. Ukipakia wa moto, mvuke unapanda mpaka kwenye kifuniko, unageuka matone, matone yanarudi chini, na baada ya wiki mteja anakutumia picha ya kitu chenye manyoya anauliza kama hiyo nayo ni senene.

Pakia kwenye makopo yenye kifuniko kinachobana, jaza mpaka juu ili hewa isipate pa kukaa, weka gizani. Ukiwa na friza, humo ndimo benki yako. Lakini friza la nyumbani lina wenyewe! Kuna sato, kuna utumbo, kuna dagaa wa shemeji tangu Pasaka. Mafuta yananyonya harufu, kwa hiyo kopo lisilobana litatoka na ladha ya dagaa, na Mhaya ana ulimi, atakwambia hata ni dagaa wa wapi. Umeme ukikatika siku nzima, usifunguefungue kuchungulia kama wamefufuka. Liache limefungwa, baridi ibaki ndani.

Vifungashio navyo ni kichekesho. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na kila mteja hadi leo anauliza, "Huna kimfuko?" Bahasha za karatasi usijaribu, mafuta yanapenya, na bodaboda akifika anakuta bahasha inang'aa kama kipaji cha bwana harusi. Kopo, basi. Na bei ya kopo iingize kwenye bei ya senene, maana hakuna mteja aliyewahi kurudisha kopo.

Tukifika kwenye vipimo, hapo ndipo urafiki unapokufa. Ukiuza kwa kikombe, mteja anatikisa. Anatikisa, wanashuka, anasema hakijajaa. Unajaza, anatikisa tena. Kikombe kile kile kinabeba uzito tofauti, inategemea wamekauka kiasi gani na nani kashika kikombe. Nunua mizani ya kidijitali ya jikoni, pima gramu 250, funga, weka alama. Atikise sasa mpaka mkono uchoke.

Na hesabu ifanywe kwa ukweli, si kwa furaha. Umepokea kilo 10 zilizokwisha kukaangwa. Ukichambua vipande vya mabawa, unga wa chini na walioungua, halafu ukawarudisha motoni kwa sababu wamelala njiani, unabaki tuseme na kilo 9. Hizo ni pakiti 36. Safi? Subiri. Pakiti tatu zinaisha kwa "nionjeshe kwanza", kwa sababu hakuna anayeonja mdudu mmoja. Mbili zinakwenda kwa mama mkwe, na hizo huzikati kwenye bei labda kama ndoa imekuchosha. Moja ilifunguka kwenye boda. Umebaki na 30. Gharama zote, kuanzia senene, nauli ya basi, makopo, gesi, mpaka makato ya kutuma na kutoa hela kwenye simu, zigawe kwa 30. Wanaogawa kwa 36 ndio wale wanaouza sana Desemba nzima na Januari wanakopa ada ya mtoto.

Kuna swali moja la kumuuliza kila mteja mpya hata akikuona mnoko: je, kamba wa baharini wanamdhuru? Mtu ambaye akila kamba anavimba midomo anaweza kuvimba kwa senene pia, wana undugu wa kutosha. Bora akose pakiti moja kuliko uitwe hospitali kueleza ulimlisha mdudu gani. Waganda wa ukoo wa Nsenene wao hawali kabisa, mdudu ni mwiko wao. Wateja wa namna hii wanapendeza, hawaombi kuonja.

Usafirishaji wa nje nausemea kwa ufupi. Kila mwaka kuna mtu London anataka "kidogo tu" kwenye begi la mtu. Kila nchi ina sheria zake za chakula kinachotokana na wadudu na wanyama, na anayeshikwa uwanjani ni mwenye begi, si mwenye hamu. Halafu mjue pa kufanyia biashara. Novemba 2021 kuna abiria walioamua kuwauzia wenzao senene ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikitoka Entebbe kwenda Dubai, wakipita katikati ya viti kama wako stendi. Video ikasambaa, polisi wakawakamata. Soko walikuwa nalo, hilo tukubali. Ndege nzima wamefungwa mikanda, nani angekimbia bei?

Sasa imefika mwezi wa saba. Mzigo umeisha, friza limerudi kwa dagaa wa shemeji, na simu inaita. "Dada, senene wapo?" Hawapo. "Hata wa akiba?" Hapa kila muuzaji anasita, kwa sababu akiba ipo: kopo moja, chini kabisa, limeviringishwa gazeti na kuandikwa kwa kalamu nene DAWA YA MINYOO ili watu wa nyumbani wasiliguse. Unakwenda kulitoa kwa siri. Limebaki robo. Unauliza nani kafungua, nyumba kimya. Baba mwenye nyumba anafuta midomo, anasema siku hizi tumbo lake linaendelea vizuri sana.