Wachoraji wa Dar, tuchoreeni bungo

Ukipita Mwenge au kwenye vibanda vya picha za Tingatinga pale Oysterbay, wanyama utawachoka: twiga, tembo, simba, na Mlima Kilimanjaro nyuma yao. Sina ugomvi nao. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake jijini mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka rangi ya mafuta kwenye vipande vya bodi za ujenzi, hicho kilikuwa kitu kipya kabisa. Ninacholalamikia mimi ni zile picha za vitu vilivyopangwa mezani, zinazouzwa kupambia sebule. Waridi, zabibu, chupa ya mvinyo. Meza hiyo ya nani?

Waholanzi wa karne ya 17 walichora makombe ya bahari za mbali kwa sababu meli zao ziliyaleta, na wenye mali walitaka yaonekane. Walichora walichokuwa nacho. Sisi tunachora walichokuwa nacho wao.

Na msiniletee embe, nalo asili yake ni Asia. Papai na nanasi ni wageni kutoka Amerika. Nataka vya porini kwetu. Bungo lililopasuliwa, ganda rangi ya chungwa, mbegu zimeng'ang'ania nyama ya njano. Kando yake kiota cha mnana kilichoangushwa na upepo, na konokono mkubwa wa bustanini akipanda kisahani. (Huyu ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, kule Florida serikali inamsaka kama jambazi.)

Kwangu lakini mtihani wenyewe ni buyu. Watu wa Dar tunaujua ubuyu mwekundu wa pakiti, wenye sukari na iliki, ila buyu zima wengi hatujalishika. Kwa nje lina manyoya mafupi ya kijani kilichofifia. Ukilivunja, unga mweupe umekauka kuzunguka mbegu, na nyuzinyuzi nyekundu zimepita katikati. Rangi ya mafuta inayolipendeza bungo italiharibu buyu, kwa sababu manyoya yale hayang'ai hata kidogo. Litahitaji rangi ya akriliki isiyong'aa, tabaka jembamba juu ya jembamba, na mtu asiyekimbizana na oda ya picha kumi kwa wiki.

Najua jibu la wenye maduka: mgeni anataka tembo. Sawa, mgeni auziwe tembo wake. Mimi naishi hapa, nina ukuta mtupu sebuleni, na hela ya buyu ninayo.